Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa Waziri, maji yameingia ndani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

Shikamoo, Mheshimiwa.

Naomba radhi, kabla ya yote, kwa kukuandikia hadharani. Najua ratiba yako imebana. Najua mezani kwako kuna mafaili ya reli, mabwawa na mikopo yenye tarakimu nyingi kuliko namba yangu ya NIDA, na mimi naja na habari ya godoro lililolowa. Ningeweza kumpa barua mwenyekiti wa mtaa, naye ampe mtendaji wa kata, mtendaji aipeleke kwa mkuu wa wilaya, na kwa utaratibu huo mzuri ingekufikia siku mjukuu wangu anaapishwa kuwa mbunge. Nimekatisha njia. Kwa kosa hilo nipo chini ya miguu yako.

Nakaa Kigogo, Dar es Salaam. Si bondeni kabisa. Wa bondeni kabisa wana alama nyekundu ya X ukutani na wameshazoea kuulizwa na waandishi wa habari kwa nini hawahami. Sisi tuko juu yao kidogo, kwenye mwinuko ambao Mto Msimbazi, ukitoka zake milima ya Pugu kwenda baharini pale Daraja la Selander, huufikia baadhi ya miaka tu. Miaka mingine yote tunaishi kama watu wa kawaida, tunalalamikia umeme.

Ni utovu wa adabu kuomba kabla ya kushukuru, basi nashukuru. Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua iliinyeshea Dar es Salaam mpaka watu wapatao 40 wakapoteza maisha, na Serikali ikawapatia waathirika viwanja Mabwepande, mbali kiasi kwamba mafuriko yasingeweza kuwafuata, na wao nao wasingeweza kumudu nauli ya kufuata riziki yao mjini. Nashukuru kwa viwanja vile. Nashukuru kwa mahema, unga, maharage na blanketi za kila msimu. Namshukuru kila kiongozi aliyevaa mabuti ya mpira akasimama kwenye tope letu, huku kamera zikimsubiri kwa uvumilivu apate mahali pazuri pa kukanyaga.

Kisha ikaja ile mvua ya El Niño, iliyoanza mwishoni mwa 2023. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamefariki, na kwamba kaya zaidi ya 51,000, zenye watu zaidi ya 200,000, zimeathirika nchini. Tukiwa bado tunaanika magodoro, tukasikia jina la Hidaya. Hapa nawapongeza watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa bila kejeli yoyote: walikitangaza kimbunga kile mapema, wakakifuatilia taarifa baada ya taarifa, boti za Unguja zikasimama, wavuvi wakavuta vyombo vyao pwani. Mei 4 kilipofika Mafia kilikuwa kimeshapungua nguvu. Kilichobaki kilikuwa mvua, nayo ilitosha kuikata barabara ya Lindi na Mtwara pale Somanga, wilayani Kilwa, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili.

Wapo washauri watakaokunong'oneza kwamba haya ni mambo ya mara moja, usiyawekee sera. Watakueleza kwamba tuko karibu mno na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupa upepo ule mzunguko wake, na kwamba Madagaska imejilaza mbele yetu ikipokea mapigo kwa niaba yetu. Ni kweli, na tunaishukuru Madagaska. Kimbunga Jobo cha 2021 kilidhoofika baharini kabla hakijatufikia. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikafyeka mashamba ya mikarafuu, Sayyid Barghash akiwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti cha usultani. Pemba ikaponea, na hiyo ni sababu mojawapo karafuu ikawa mali ya Wapemba zaidi ya Waunguja mpaka leo. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Jambo lililobadilisha uchumi wa kisiwa kizima, Mheshimiwa, nadhani linastahili mstari mmoja kwenye bajeti, hata kama halina desturi ya kuja kila mwaka.

Sasa naomba niseme neno ambalo, likikuudhi, ulichukulie kuwa limesemwa na mtu mwenye homa.

Msaada wa maafa ni kitu kizuri, ila unadai adabu nyingi. Kwanza jina lako liandikwe kwenye daftari la mtaa, na linaandikwa vizuri zaidi ukiwa unaelewana na mwenye kalamu. Pili uwepo nyumbani siku wageni wanapokuja, hata kama nyumba yenyewe haipo. Tatu ushukuru, tena kwa sauti, kwa sababu kuna televisheni. Anayeuliza mbona mwaka jana waliopewa magodoro ni pamoja na mtaa ambao maji hayakufika, huyo anaonekana ana lake jambo. Hii ndiyo sababu barua yangu ina heshima nyingi namna hii. Anayesubiri hisani hajui adabu kiasi gani itatosha, kwa hiyo anaongeza kidogo juu, asije akapungukiwa. Mwenye bima hana shida hiyo. Barua yake ina mistari mitatu: namba ya mkataba, tarehe maji yalipoingia, na kiasi anachodai. Wala hasalimii.

Natamani sana, Mheshimiwa, siku moja nikuandikie, au nimwandikie yeyote yule, bila kusalimia.

Nisikupotezee muda kwa nadharia. Jirani yangu mmoja, mama fundi cherehani, alikopa kwenye taasisi ya fedha ambayo sitaitaja, maana bado inamdai. Kwenye makato ya mkopo aliona mstari ulioandikwa bima. Akakatwa, akaridhika, akawa anatuambia sisi wengine tuna ushamba. Maji yalipoingia, yakamlowesha mota za vyerehani, vitambaa vya wateja na magauni ya sendofu ya familia ambayo sherehe yake ilikuwa Jumamosi ileile. Akaenda na karatasi zake. Afisa alimpokea vizuri sana, akampa na kiti. "Mama, bima unayo," akamwambia, "ila ni ya ukifa." Yaani mkopaji akifariki, bima inamaliza deni na mkopeshaji hapotezi kitu. Mama akauliza kama basi afe. Afisa akamwambia, kwa heshima zote, haitakuwa lazima, aendelee tu na marejesho.

Simlaumu afisa. Kila alichosema kimo kwenye mkataba, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo.

Baada ya hapo nilikaa na wakala mmoja wa bima, kijana mwungwana, nikamwomba anifafanulie kama anavyomfafanulia mtu asiyejua. Nyumba, akasema, hukatiwa bima ya moto. Bima hiyo kwa asili yake inaangalia moto, radi na mlipuko. Mafuriko, tufani na tetemeko mara nyingi ni nyongeza, mteja aiombe na ailipie. Asipouliza, hati inakuja na mihuri yake yote na mafuriko hayamo. Gari ni vilevile: bima ndogo, ambayo wengi wetu tunakata ili trafiki asitusumbue, inamlipa yule uliyemgonga; gari lako likielea Jangwani mpaka likagongana na la mwenzako, hayo ni yenu wawili na Mola wenu. Hata bima kubwa inafaa isomwe kabla ya masika. Mpangaji naye anaweza kukatia bima kitanda, friji na televisheni yake bila kuigusa nyumba, ingawa sijakutana na mwenye nyumba aliyewahi kumwambia mpangaji wake hivyo.

Kuna na hesabu inayowaliza wengi. Una mali ya milioni 20, unaandikisha milioni 10 ili ada ipungue. Maji yanakuharibia vya milioni 4. Unategemea milioni 4, kampuni inakuandikia milioni 2, kwa hoja kwamba nusu ya mali ulichagua kuibeba mwenyewe, kwa hiyo na nusu ya hasara ni yako. Halafu inatoa na kile kiasi cha mwanzo ambacho kila mteja hujibebea. Ukiielewa, hesabu hiyo ina haki yake. Ukikutana nayo kwa mara ya kwanza umesimama kwenye tope, haina.

Hapo ndipo nilipotambua faida ya kaulimbiu yenu ya ukinunua dai risiti, ambayo siku zote niliiona kama inakufaidi wewe tu, unisamehe. Mkaguzi wa hasara anataka ushahidi kwamba friji lilikuwepo. Risiti za mashine, kama ujuavyo, zinafutika hata zikikaa kavu kabatini, sembuse zikilowa. Kwa hiyo mtaani kwetu waliojanjaruka wanaipiga picha risiti siku ileile ya kununua, wanakipiga picha na kitu chenyewe kikiwa ndani, kisha wanamtumia ndugu aliye Mwanza au Mbeya azitunze. Hiyo iko kwenye ratiba yetu ya kujihami pamoja na kuinua kitanda kwa matofali, kujenga kizingiti cha zege mlangoni, kupanga viroba vya mchanga na kuweka vyeti vya watoto kwenye ndoo yenye mfuniko. Watu hawajakaa bure kukusubiri. Tunachokosa ni kile kipande ambacho matofali hayawezi: fedha ya kuanzia upya wiki ya pili, wakati unga wa msaada umeisha na ada ya shule haijaahirishwa.

Naingia sasa chumbani kwako, nikiwa nimevua viatu. Bima ya afya haitozwi VAT. Bima ya maisha haitozwi. Bima ya nyumba inatozwa, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Katika kila shilingi 100,000 ya ada ninayokusudia kuilipa kampuni inikinge na maji, naongeza 18,000 zinazokuja kwako kabla tone la kwanza halijadondoka. Naamini kabisa hukukusudia. Lilipita tu katikati ya mafaili makubwa, kama panya anavyopita kwenye ukumbi wa harusi. Lakini tazama lilivyo: aliyejenga pembeni ya mto bila bima atapewa maturubai bure kwa fedha za umma, na yule aliyejibana akakata bima ili asije kuomba maturubai yako, huyo ndiye anayelipa kodi.

Wenye kampuni za bima nao wana sababu zao, na nisingependa uniulize mbona nimewaonea. Bima huishi kwa wengi kuwachangia wachache walioumia. Mafuriko yanaivuruga hesabu hiyo mara mbili: yanawapata watu wa mtaa mzima usiku mmoja, na anayejitokeza kununua ni yule tu anayeuona mto dirishani. Wa ghorofani Upanga hana habari. Hata Marekani, penye kampuni za bima kubwa kuliko bajeti zetu, biashara hiyo iliwashinda watu binafsi. Baada ya kimbunga Betsy cha 1965 ikabidi Serikali yao ianzishe mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, mwaka 1968. Mpango ule una kanuni moja ambayo natamani tuiibe: kwa kawaida mkataba mpya hauanzi kazi mpaka zipite siku 30, ili mtu asikimbilie kukata bima pale anaposikia kimbunga kimepewa jina. Una na kasoro ambayo naomba, kwa unyenyekevu, tuwaachie wenyewe. Ada zilikuwa ndogo mno kwa walio hatarini zaidi, watu wakaendelea kujenga kwenye maji, Katrina ilipopiga 2005 mpango ukazama kwenye madeni, na mwaka 2017 Bunge lao likalazimika kufuta dola bilioni 16 za deni hilo.

Nayataja hayo ili usinidhanie nataka bima ya bure kwa kila aliyejenga mtoni. Bima ni ya jambo linaloweza kutokea. Linalotokea kila masika halina bima. Lina fidia na kuhama, na mradi wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia upo kwa ajili hiyo, wa bondeni walipwe waondoke na daraja jipya la Jangwani lijengwe. Mita 60 za kutojenga kando ya mto, za Sheria ya Mazingira ya 2004, zibaki 60. Mimi nawasemea waliobaki nyuma ya hizo mita: wa mtaa wangu, wa Tegeta na Mbezi, wa Kilindoni na Somanga, ambao maji huwafikia kwa nadra na yakiwafikia yanawamaliza. Hao ndio hasa ambao bima ilibuniwa kwa ajili yao.

Utaniambia wananchi hawana utamaduni wa bima. Nakubaliana nawe, kama ilivyo desturi yangu. Kwa karibu miaka 30, tangu utaifishaji wa 1967 hadi soko lilipofunguliwa 1996, tulilijua Shirika la Bima la Taifa peke yake, na wengi tulilijua kwa jina tu. Ila mtu aliyechangia misiba ya majirani miaka kumi bila yeye kufiwa anaielewa bima barabara. Asichokielewa ni hati nene ya Kiingereza cha wanasheria. Mwekee hati hiyo kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza uandikwe kwa herufi kubwa kinacholipwa na kisicholipwa, uone kama hatauliza maswali ya maana. Wazee wetu wa Mafia na Kilwa wanaoihofia riba wana takaful, nayo imeshaanza nchini. Kinachotakiwa ni ifike kwao, isiishie mijini.

Na kama shida ni gharama ya kumtuma mkaguzi kila chumba, ipo bima inayofuata kipimo. Haiulizi friji lako lilikuwa la lita ngapi. Inaangalia upepo ulifika kasi gani, mvua ilikuwa milimita ngapi, maji yalifika alama gani kwenye nguzo ya daraja, kisha inalipa kiasi kilichokubaliwa toka mwanzo. Umoja wa Afrika una chombo chake cha namna hiyo tangu 2012, kinaitwa African Risk Capacity. Kimbunga Batsirai kilipoipiga Madagaska mwaka 2022, nchi ile ililipwa dola milioni 10.7 bila mtu kupita akihesabu mabati. Ina udhaifu wake: kipimo kinaweza kusema maji hayakufika alama, nawe umeketi juu ya kabati. Hata hivyo kwa mtaa ambao kila mtu ana simu ya kupokelea fedha, naona ingefika kwetu mapema kuliko lori la blanketi.

Maombi yangu, basi, ni machache, na nayatoa nikiwa nimeinama. Ondoa VAT kwenye bima ya mafuriko ya nyumba ndogo na ya vitu vya ndani. Agiza kila taasisi inayokata fedha ya bima kwenye mkopo imwambie mkopaji, kwa Kiswahili na kabla hajasaini, bima hiyo inamlinda nani. Zungumza na wenzako wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na wa Hali ya Hewa, wajaribu bima ya kipimo kwenye kata chache tu za pwani, hata Mafia peke yake, na matokeo yake yasomwe hadharani yakiwa mazuri au mabaya. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo kutoka nje.

Najua jibu la kawaida ni kwamba Serikali sikivu imelipokea na italifanyia kazi kadri ya upatikanaji wa fedha. Nalipokea jibu hilo kwa mikono miwili, kama nilivyolipokea la miaka iliyopita. Ila nikukumbushe tu, kwa sababu najua una mengi: bajeti inasomwa Juni, mvua za vuli zinaanza Oktoba, na mto hausubiri upembuzi yakinifu.

Naomba kutoa hoja.

Ndimi mtiifu wako,
mwenye nyumba ndogo, Kigogo.